Ungo wa Mbaazi Zilizokwisha Kupepetwa

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda kumwona mama mkubwa, katika kijiji kimoja cha upande wa Lulindi, Masasi, ambacho sitakitaja kwa sababu bado nataka kukaribishwa. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya ziara yangu, saa kumi alasiri, jua limeanza kulegea. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mkeka chini ya mkorosho, miguu kainyoosha, mgongo kauegemeza kwenye shina, kilemba kakivua kakiweka mapajani. Hakuwa amelala wala hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa amekaa tu. Nikampa shikamoo, nikavua viatu, nikakaa pembeni yake, tukanyamaza wote wawili. Mimi niliyetoka mjini na simu yenye meseji thelathini na kitu ambazo sijazisoma nikaonja utulivu ambao sikumbuki niliupata lini mara ya mwisho.

Kisha ikasikika kengele ya baiskeli njiani. Mama mkubwa akashtuka kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu. Akavuta ungo uliokuwa umeegemezwa ukutani, ungo wa mbaazi, akaanza kupepeta. Mbaazi zile nilizijua. Zilipepetwa jana yake, zikachaguliwa, hazikuwa na ganda hata moja. Mzee wa kanisa akapita na baiskeli yake, akasema, "Poleni na kazi, mama." Mama mkubwa akaitikia, "Asante baba, tumeshapoa." Baiskeli ikapotelea kwenye mikorosho. Ungo ukarudi ukutani.

"Mama mkubwa, hizo mbaazi si ulizimaliza jana?"

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mwanangu, unataka kesho nisikie kwamba mama wa Umoja ameshinda kitako siku nzima?"

Siku nzima! Kwa saa yangu alikuwa amekaa dakika ishirini. Aliamka saa kumi usiku akachota maji, ndoo tatu. Zamu ya kufagia kanisa wiki hiyo ilikuwa yake, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kanisani na fagio. Akarudi kuwapikia wajukuu uji, akaoga, akavaa sare ya Umoja wa Mama, akaenda ibadani. Baada ya ibada kulikuwa na wageni wa padre, na wageni wa padre ni wageni wa akina mama: wali, kuku wawili, kisamvu cha karanga, maji ya kunawa. Wazee wa baraza wakala pamoja na wageni. Akina mama wakala ukoko jikoni, wamesimama, halafu wakasugua masufuria. Alifika nyumbani saa tisa na nusu. Hiyo ndiyo siku yake ya Bwana, siku ya mapumziko, na katika wiki nzima hana siku nzito kuipita labda ile ya kupeleka korosho ghalani.

Ungo ule ndio ninaoushambulia leo. Kuna imani ambayo haimo katika Imani ya Nikea tunayoikiri kila Jumapili, lakini ukiwapima waumini utakuta wameishika kwa nguvu kuliko ile ya Nikea: kwamba mwanamke wa Kikristo aliye mwema hakai. Akikaa, awe na kitu mkononi, kama si mchicha wa kuchambua basi sweta ya mtoto ya kufuma. Asiye na kitu mkononi ni mvivu, na mvivu ni mwenye dhambi. Inafundishwa kwenye semina za ndoa, kwenye kichen pati, kwenye nasaha za bibi harusi, na zaidi ya kote inafundishwa kwa jicho la jirani anayepita. Mimi nasema ni imani ya uongo, na nasema hivyo kwa Biblia hiyo hiyo wanayoitumia kuipamba imani hiyo.

Imejikita mpaka kwenye salamu zetu. Ukimkuta mtu analima unasema pole na kazi. Ukimkuta anarudi kutoka shamba, pole na kazi. Ukiondoka unamwachia kazi njema. Ukimkuta amekaa chini ya mti, mdomo unakwama. Unatafuta kazi ya kumpa pole nayo, na yeye kwa heshima yako anatafuta ungo. Hatuna salamu ya mwanamke anayepumzika. Mwanamume anayecheza bao kijiweni tangu saa nne asubuhi huambiwa "za hapa?" akajibu "nzuri" bila kusogelea jembe lolote. Iko methali ya pwani isemayo mume ni kazi, mke ni nguo. Aliyeitunga hakuwahi kupita Lulindi mwezi wa kumi na moja, akaona migongo ya nani imeinama chini ya mikorosho.

Tuje kwenye Maandiko, maana ndiko wanakokimbilia. Silaha yao kubwa ni Mithali sura ya 31, yule mke mwema. Nimeisikia ikihubiriwa kwenye arusi nyingi, na kila mara mhubiri humfanya huyo mama kuwa mashine: anaamka kabla ya kuku, taa yake haizimwi, hakai. Mwisho wa mahubiri bibi harusi anakuwa amechoka kabla hata ya keki kukatwa.

Lakini wahubiri hao husahau mambo matatu. La kwanza, mistari hiyo 22, kutoka wa 10 hadi wa 31, ni utenzi uliopangwa kwa herufi za Kiebrania, kila mstari unaanza na herufi yake kwa mfuatano, ya kwanza hadi ya mwisho. Ni sifa za mama kuanzia A mpaka Z, zimekusanywa kutoka maisha mazima. Mshairi hakuandika ratiba ya Jumatatu. Anayemdai mke wake ayatimize yote kati ya jogoo la kwanza na sala ya jioni hajui anasoma nini. La pili, mama huyo ana wajakazi. Wametajwa wazi katika mstari wa 15, anawagawia posho yao. Nyumba ya kitajiri, mafuta ya taa hayaishi, kazi zina watu wa kuzifanya. Umsomee mama wa Lulindi mwenye ndoo moja na binti mmoja aliyeko shuleni, halafu umwulize mbona wewe hufanani naye? La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Utenzi unamalizika kwa kuagiza kwamba mama huyo apewe matunda ya kazi ya mikono yake. Huo mstari wa 31 sijausikia ukihubiriwa hata mara moja.

Na huku kwetu mstari huo ungekuwa na kazi kweli kweli. Korosho zikianza kudondoka, mabibo mekundu na ya njano yamezagaa chini, ni mwanamke na watoto wanaoinama, wanaokota, wanasokota korosho itoke kwenye bibo, wanaitupa ndooni, wanainama tena. Halafu kuanika, kuchagua, kujaza magunia. Korosho zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia mnadani kwa stakabadhi ghalani, na malipo yanakwenda benki kwa jina lililoandikishwa. Mara nyingi jina hilo ni la baba. Matunda ya mikono ya mama yana akaunti, na akaunti ina namba ya siri, na namba hiyo mama haijui.

Silaha yao ya pili ni Martha. Ajabu ni kwamba katika Luka sura ya 10 Martha ndiye aliyerekebishwa, na Mariamu aliyekaa miguuni pa Yesu ndiye aliyetetewa. Lakini kaa kanisani usikilize. Mhubiri atasoma vizuri, atamsifu Mariamu kwa dakika tano, halafu atatabasamu na kusema: lakini jamani, bila Martha wageni wangekula nini? Wanaume wanacheka. Akina mama nao wanacheka, huku mmoja wao akinyanyuka taratibu kwenda kuangalia kama wali umeiva. Sijui sehemu nyingine ya Injili ambapo padre husimama madhabahuni akampinga Bwana Yesu na waumini wakafurahi.

Sasa amri ya nne. Ukiisoma katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, inataja orodha ya wanaopaswa kuacha kazi siku ya saba: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe wako, punda wako, mgeni aliye ndani ya malango yako. Soma tena polepole. Mke hayumo. Wataalamu wanasema neno "wewe" linambeba mke pamoja na mume, na mimi nawakubali. Lakini nyumba nyingi ninazozijua zimeisoma kwa namna ya pili: punda apumzike, mke hakutajwa.

Na sababu ya amri hiyo imetajwa hapo hapo: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Pumziko ni alama ya mtu aliyeachwa huru. Mtumwa hana siku yake. Saa zake zote ni za bwana wake, na akikaa lazima aonyeshe yuko kwenye kazi fulani, hata kama kazi yenyewe imekwisha. Kupepeta mbaazi zilizokwisha kupepetwa ni tabia ya mtumwa anayemsikia msimamizi akija.

Neno hili lingepaswa kutuuma sisi wa Masasi kuliko Wakristo wengine wote wa nchi hii. Kanisa letu la Kianglikana lilianzaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, akawaleta bara ya kusini, wakaanzisha makazi chini ya majabali ya Masasi. Watu ambao miaka michache nyuma walikuwa bidhaa. Fikiria Jumapili yao ya kwanza pale. Mwanamke aliyewahi kuuzwa anaamka, jua linapanda, na hakuna wa kumwuliza mbona umekaa. Kanisa lililozaliwa na mama huyo leo linamfanya mjukuu wake ashtuke kwa kengele ya baiskeli.

Mwaka huo huo wa 1876, huko Uingereza, mke wa padre aitwaye Mary Sumner aliwaalika akina mama wa kijiji cha Old Alresford nyumbani kwake, wa hali ya juu na wa hali ya chini pamoja, kuzungumza na kuombea malezi ya watoto wao. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alipatwa na woga, akawaomba warudi wiki inayofuata. Hapo ndipo ulipozaliwa Umoja wa Mama tunaouvalia sare. Ulizaliwa sebuleni, na akina mama wamekaa. Leo ukitaka kujua Umoja huo unafanya nini katika mitaa mingi, fuata moshi wa jiko.

Watu wataniambia kanisa haliwezi kwenda bila kazi za akina mama. Kweli. Lakini kazi na pumziko havijawahi kuwa maadui mahali penye utaratibu. Nenda Kilimani, hapo hapo Masasi, kwa masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1946. Maisha ya kitawa yamejengwa juu ya kengele. Ikilia, sista anaacha jembe, anaacha ufagio, anaacha hata barua katikati ya neno, anakwenda kunyamaza mbele za Mungu. Ikilia tena anarudi kazini. Wana saa za ukimya, wana siku za mafungo. Sijawahi kumsikia mtu akisema masista ni wavivu, tunawaita watakatifu. Kinachowatofautisha na mama mkubwa ni kwamba pumziko lao limepewa saa na kengele, la kwake limeachwa lijifiche nyuma ya nyumba.

Kwa kuwa limejificha, limetafuta mlango mwingine wa kutokea. Mwanamke wa kwetu anayetaka kulala mchana ana neno moja tu la kumpa ruhusa: naumwa. Homa ndiyo likizo yake. Nimekuwa nikilisikia hilo tangu utotoni, "mama anaumwa leo", na nimechelewa sana kuelewa kwamba siku nyingine mama hakuwa anaumwa popote ila mwili umekataa. Lulindi inajulikana kwa hospitali tangu enzi za misheni, Dk. Leader Stirling, ambaye baadaye Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Afya, alianzia kazi yake hapo mwaka 1935. Nawaza ni akina mama wangapi, tangu enzi hizo mpaka leo, ambao kitanda cha wodini kilikuwa kitanda pekee walichowahi kulalia mchana bila kusemwa.

Na tusijidanganye kwamba kupumzika ni jambo la kizungu lililokuja na simu. Mzee wa kanisa ataniambia, haya mambo ya kupumzika kwa makusudi ni ya wanawake wa Dar. Nami nitamwuliza: mzee wangu, mama yako alipokuzaa, nani alipika? Mzazi alikaa ndani arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, alinyweshwa uji wa pilipili manga, hakushika mwiko, hakubeba ndoo. Bibi na mashangazi walihamia. Hakuna aliyemwita mvivu kwa sababu kila mtu alijua mwili wake una kazi ya kurudi. Hilo ni pumziko la makusudi, lina siku ya kuanza na siku ya kwisha, lina watu wa kulilinda. Kanisa nalo lilikuwa na sala yake ya kumshukuru Mungu pamoja na mama aliyejifungua. Na jimbo hili liliwahi kuwa na ujasiri wa kuchukua mila na kuzibatiza: Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, kuanzia 1926 hadi 1944, alijulikana duniani kwa kuingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Walioweza kulibatiza jando walishindwa nini kuibatiza arobaini? Siku hizi namwona binti kajifungua Jumatano, Jumatatu yuko kisimani na ngata kichwani, na tunamsifu: huyu ana nguvu, huyu ni mwanamke.

Maji. Siwezi kuandika juu ya kuchoka kwa wanawake wa huku bila kutaja maji. Mjerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala mwaka 1906 aliandika hadithi aliyosimuliwa kuhusu asili ya Wamakonde: mtu wa porini alichonga mti, ukageuka mwanamke, wakazaa bondeni karibu na maji, mtoto akafa, wakapanda juu kidogo, mtoto akafa tena, walipofika juu kabisa kwenye uwanda, mtoto akaishi. Ndiyo maana, wakasema wazee, Wamakonde hukaa juu, mbali na maji. Hadithi tamu. Haisemi ni nani atakayeshuka bondeni na kupanda tena na mtungi, kila siku, kizazi baada ya kizazi. Haikuhitaji kusema. Mradi wa kupandisha maji uwandani ulianza tangu enzi za mkoloni, mabomba yamefika sehemu nyingi, lakini bomba likikauka, na hukauka, miguu inayoijua njia ya zamani ni ya wanawake.

Mwalimu Nyerere aliliona hili la kuchoka kwa wanawake. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 aliandika bila kupepesa macho kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko wote nchini, wakati mwingine saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, huku wanaume wa vijijini wakiwa kama watu walio likizo nusu ya maisha yao. Azimio lile tulilikariri shuleni, tukaliimbia, tukatembea kwa miguu kuliunga mkono. Sehemu hiyo tukairuka. Na baada ya hapo nchi imetunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inampa mwajiriwa wiki ya kazi isiyozidi saa 45 za kawaida, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na siku 84 za uzazi. Mama mkubwa hana mwajiri, kwa hiyo hana sheria. Alichonacho ni amri ya nne tu, na hiyo tumeipa baraza la kanisa iilinde.

Je, uvivu haupo? Upo, na mimi sitaki kusingizia kwamba haupo. Wanamtaja mtume Paulo aliyewaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kazi asile. Nakubaliana na Paulo, lakini someni mpaka mwisho: aliowakemea walikuwa wanakula chakula cha wenzao, wanaingia katika mambo ya watu. Wanautaja pia waraka wa kwanza kwa Timotheo, wale wajane vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba na maneno midomoni. Lakini anayezunguka nyumba kwa nyumba amepumzika saa ngapi? Ukitaka kumjua mvivu, usihangaike na nani amekaa. Uliza kazi ya huyu aliyekaa inafanywa na nani sasa hivi. Mama mkubwa alipokaa chini ya mkorosho, hakuna mtu hata mmoja kijijini aliyebeba mzigo wake. Mzigo ulikuwa umetuliwa, unamsubiri pale pale alipouacha. Wazee wa baraza walipokaa mezani na wageni, kulikuwa na wanawake kumi na mmoja jikoni. Niliwahesabu.

Na upo uvivu wetu sisi wanawake wa simu. Nimeshalala saa nane usiku nikisoma magomvi ya watu nisiowajua kwenye magrupu ya wasapu, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala, na kama mtu angeniambia hilo lilikuwa pumziko ningemkatalia. Pumziko unalijua kwa pumzi. Kiswahili chenyewe kinakwambia: pumua, pumzi, pumzika, ukoo mmoja. Kiebrania nacho ni hivyo hivyo. Katika Kutoka sura ya 31, neno la kueleza Mungu alivyoburudika siku ya saba limetoka kwenye shina la nefesh, pumzi na uhai, ndugu wa karibu wa neno letu nafsi lililotujia kwa Kiarabu. Mungu alivuta pumzi. Bwana Yesu naye alilala kwenye mto ndani ya chombo, dhoruba inavuma, na walioona amekosea ni wale wale wanafunzi wenye imani haba.

Siungi mkono pia biashara iliyozuka mijini, makongamano ya wanawake ya kufundishwa kupumzika. Nilihudhuria moja. Tuliketi kwenye viti vya plastiki tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, wasemaji sita, kiingilio na kitenge cha sare juu, na chakula kikapikwa na wanawake wengine ambao hawakusikia hata somo moja. Nilirudi nyumbani nikameza dawa ya kichwa.

Ninachokitaka ni kidogo na hakina kitenge. Jumapili padre akiwa na wageni, baraza la kanisa lipike, au wageni wale mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi kama watu wote. Zamu ya kufagia kanisa iwaguse wanaume. Ufagio hauna jinsia. Na saa tisa alasiri ya kila Jumapili kengele ya kanisa igongwe, kengele hiyo hiyo ya kuitia ibada, kutangaza kwamba sasa mama wa parokia hii wamekaa na asiwepo wa kuwapa pole na kazi. Wapo watakaocheka. Nilipolisema hilo kwa mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole kabisa, "Sasa chai ya saa kumi itapikwa na nani?" Aliuliza kwa dhati. Sidhani alisikia alichouliza.

Jioni ile ya Jumapili nilifanya utundu. Mama mkubwa alipokwenda uani mara moja, nikauchukua ungo wa mbaazi nikauingiza ndani, nikauficha nyuma ya gunia la makopa. Akarudi akakaa. Hazikupita dakika kumi, jirani akatokea njiani na ndoo ya maji kichwani. Nikauona mkono wa mama mkubwa ukienda ukutani wenyewe, ukapapasa, haukukuta kitu, ukarudi mapajani ukatulia juu ya kilemba.

Jirani akasimama. Akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena.

"Dada, unaumwa?"

Mama mkubwa akachukua muda kujibu. "Siumwi," akasema. "Nimekaa."

Jirani akatazama njia, akatazama jua. Kisha akapiga goti, akaitua ndoo.